Swila wa ziwani ni yupi? Maswali na majibu kuhusu vinasaba vya nyoka wenye sumu

Vitabu vya zamani vinamwita swila mkubwa wa huku ziwani Naja melanoleuca. Sasa nasikia jina limebadilika. Kwani nyoka mwenyewe amebadilika? (Mvuvi, Ukerewe)

Nyoka ni yule yule. Kilichobadilika ni hesabu ya ndugu zake. Kwa miaka mingi swila wakubwa wa misituni, kuanzia Afrika Magharibi mpaka kwetu, walihesabiwa spishi moja kwa sababu magamba yao yanakaribiana sana na rangi haina msimamo hata kwa nyoka wa eneo moja. Uchunguzi uliotoka mwaka 2018 ulilinganisha jeni za mitokondria (vijishina vya nguvu vya seli, vyenye vinasaba vyake) na za kiini cha seli, ukakuta humo spishi tano. Mbili ni za Afrika Magharibi, moja iko kisiwa cha São Tomé tu, melanoleuca halisi ni wa misitu ya Afrika ya Kati, na wa upande wetu wa mashariki ni Naja subfulva. Jina hilo lilikuwapo tangu 1955, ila lilipewa daraja la nususpishi, yaani tawi la ndani ya spishi. Huyo ndiye anayeogelea vizuri na kula samaki. Usimchanganye na swila wa maji wa Ziwa Tanganyika, Naja annulata, ambaye aliwekwa kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) tofauti mpaka vinasaba vilipoonyesha, mwaka 2007, kwamba yumo ndani ya ukoo wa swila.

Wanafunzi wameokota gamba la nyoka (ngozi aliyojivua) kwenye majabali ya Bwiru. Linaweza kutoa vinasaba? (Mwalimu wa baiolojia, Ilemela)

Linaweza, na ndiyo sampuli tunayoipenda kuliko zote kwa shule, kwa kuwa hakuna anayemgusa nyoka. Ila jua la majabalini ni adui: miale yake hukatakata vinasaba, na gamba lililokaa wiki kadhaa linatoa vipande vifupi tu. Lishikeni kwa glavu, mlitie kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa nailoni, maana nailoni inafuga unyevu na unyevu unaleta ukungu. Juu ya bahasha andikeni kwa penseli tarehe, mahali na jina la aliyeokota. Wino unayeyuka spiriti ikimwagika.

Maabara itasuuza kipande cha kama sentimita 2 kwa 2 kwa maji yaliyochujwa, itakikatakata kidogo kidogo, kisha itakilaza usiku kucha kwenye nyuzijoto 56 pamoja na proteinezi K, kimeng'enya kinachoyeyusha protini. Gamba ni keratini kama kucha, kwa hiyo asubuhi mara nyingi bado kuna vipande vigumu. Hapo huongezwa dozi ya pili ya kimeng'enya na kusubiri saa chache tena. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika kwamba magamba hayatoi kitu. Baada ya hapo lengeni kipande kifupi cha jeni, herufi za vinasaba 200 hadi 400. Jeni nzima ya saitokromu b (jeni ya mitokondria inayotumika sana kutambua spishi), yenye herufi takribani 1,100, iachieni damu au nyama. Chembe nyekundu za damu ya nyoka zina kiini, tofauti na zetu, ndiyo maana tone dogo tu la damu yake linatosha.

PCR yangu (kipimo cha kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi) imeonyesha mstari hata kwenye kichupa nilichotia maji badala ya sampuli. Niendelee? (Mwanafunzi wa shahada ya pili, Mwanza)

Hapana, usiendelee hata hatua moja. Mstari huo maana yake kuna vinasaba vya kigeni kwenye maji, praima (vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili) au pipeti (kifaa cha kupimia vimiminika), na huwezi kujua ni sampuli ngapi zimeingiliwa. Tupa vimiminika vyote vilivyofunguliwa, futa meza kwa jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 9, tumia ncha za pipeti zenye kichujio, na andaa mchanganyiko chumba tofauti na kile unachofungulia bidhaa za PCR. Mkasi wa kukatia nyama upitishe kwenye moto kila baada ya nyoka mmoja.

Ukishapata mfuatano safi, usiamini jina la kwanza linalojitokeza GenBank, hifadhi ya wazi ya mifuatano ya vinasaba. Kumbukumbu nyingi mle ziliwekwa kabla ya majina kugawanywa, hivyo subfulva wako anaweza kuitikia kwa jina la melanoleuca. Tena mitokondria inarithiwa kwa mama pekee: spishi mbili zikiwahi kuchanganya damu, itakuonyesha ukoo wa bibi na kuficha wa babu. Ongeza jeni za kiini cha seli.

Nyoka wa nyumbani asiye na madhara, yule wa kahawia anayekula panya, ni ndugu wa nani kati ya kifutu na swila? (Msomaji, Igoma)

Wa swila. Mstari wa kifutu ulijitenga mapema zaidi. Meno marefu ya mbele yaliwadanganya wataalamu hata wakamweka Atractaspis, nyoka mweusi mdogo wa ardhini, pamoja na jamii ya kifutu; vinasaba vinamrudisha upande wa swila na nyoka wa nyumbani.

Vinasaba vinaweza kutuambia mgonjwa apewe dawa gani? (Muuguzi, Sengerema)

Siyo kitandani. Kupangusa jeraha kwa pamba na kusoma vinasaba vya nyoka kumefanyika, lakini majibu yanachelewa mno kwa aliyeumwa. Isitoshe, undugu hausemi yote kuhusu sumu. Swila mtema mate, Naja nigricollis, huozesha nyama zaidi, wakati subfulva hulegeza misuli mpaka ya kupumua, na wote ni jenasi moja. Tibu dalili. Kope zikishuka, jiandae kusaidia pumzi. Ukihofia damu haigandi, weka mililita 2 kwenye kichupa cha kioo kikavu na kisafi, kiache dakika 20 bila kukigusa, kisha kiinamishe mara moja. Kichupa cha plastiki kinadanganya, kwa sababu ni kioo kinachoamsha kuganda. Jiwe la nyoka na chale haviondoi sumu, vinapoteza muda. Na ndugu wa mgonjwa wasimlete nyoka, hata aliyekufa. Picha ya mbali inatosha.

Nimtumie rafiki aliye chuo cha Ulaya ncha ya mkia wa swila kwa posta? (Kijana, Kirumba)

Usitume. Utafiti wa wanyamapori unahitaji vibali vya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kupeleka sampuli nje kuna kibali chake. Chatu yumo pia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ethanoli nayo inashika moto, ndege ina masharti yake. Kama umekuta swila aliyegongwa barabarani, mpigie picha kichwa, mgongo na tumbo, uandike mahali, kisha umjulishe mtafiti mwenye kibali. Akichukua nyama, ataitia kwenye ethanoli ya asilimia 95, ujazo mara 10 ya nyama, na kuibadilisha siku ya pili, maana maji yanayotoka kwenye nyama huizimua. Formalini aiepuke: inafunga vinasaba na protini pamoja, na kuvitenganisha baadaye ni kazi ngumu.