Jibu: Engo inayovutwa haijikunji, sasa wembamba wa nini?

Mkuu, umeuliza kwa nini mhandisi mshauri amekataa engo moja (chuma cha umbo la L) ya 50x50x5, yaani miguu ya milimita 50 na unene wa 5, kwenye memba (kipande) ya chini ya kenchi zako za ghala, kipande cha katikati chenye mita 4.5 bila kiungo, wakati nguvu ya kuvuta ni kN (kilonyutoni) 40 tu. Wembamba wake, yaani urefu ukilinganishwa na unene, umesema ni 298. Kwa chuma cha daraja la S275 (kinachostahimili nyutoni 275 kwa kila milimita mraba) engo hiyo kabla ya kutoa matundu ya bolti inafika kama kN 132. Kwa kuvutwa, uko sawa kabisa.

Angalia kwanza ulivyopata wembamba. 298 yako imetokana na kugawa urefu kwa rediasi ya jaireshoni (kipimo cha jinsi chuma kilivyosambaa kuzunguka mhimili wa kupinda) ya milimita 15.1, ambayo ni ya mhimili ulio sambamba na mguu wa engo. Engo moja ina mhimili dhaifu zaidi, ule wa mshazari, na kwa 50x50x5 ni milimita 9.7 tu. Hapo unapata kama 464. AISC 360, kanuni ya Marekani ya majengo ya chuma, inapendekeza usizidi 300 (ni pendekezo, siyo sharti, na haligusi nondo). IS 800:2007 ya India inaruhusu 400, ikishuka hadi 350 kama upepo unaweza kugeuza nguvu. Kote huko umezidi kikomo.

Sehemu ya namba hizo inahusu matumizi tu. Ukichukua engo hiyo ikiwa na urefu wa mita 6 na kuiegemeza ncha mbili, inalegea katikati karibu sentimita 4 kwa uzito wake yenyewe, na inakwenda upande pia kwa sababu mihimili yake imekaa mshazari. Inapinda ikishushwa kwenye lori. Nimekagua ghala ambalo bresi (vipande vya mshazari vya kuzuia jengo lisiyumbe) za engo moja ukizishika katikati na kuzitikisa zinacheza, na upande unaopigwa na upepo nati zilikuwa zimeanza kulegea.

Lakini kwako kinachonitia wasiwasi ni upepo. Paa la bati ni jepesi sana. Ghala likiwa na mlango mkubwa wazi, upepo unasukuma kutoka ndani na kunyonya kutoka juu kwa pamoja, na mnyanyuo ukizidi uzito wa paa, memba ya chini inaacha kuvutwa, inagandamizwa. Kwa wembamba wa 464, fomula ya Euler, ya mzigo unaoikunja memba inayogandamizwa, inakupa chini ya kN 5, na hiyo ni kwa engo iliyonyooka kabisa na nguvu inayopita katikati yake. Yako imefungwa mguu mmoja, kwa hiyo nguvu inapita pembeni. Kutoka kN 132 hadi chini ya 5, memba ileile! Hesabu ya mnyanyuo ndiyo ningeidai kabla hata ya kubishania 300.

Kurekebisha siyo ghali. Weka engo mbili mgongo kwa mgongo, na kipande cha kuziunganisha katikati ya urefu. Hapo rediasi ndogo kuliko zote inakuwa 15.1 kweli, na ile 298 yako inakuwa halali. Kwa mgandamizo bado ni nyembamba, kwa hiyo kama mnyanyuo ni mkubwa gawanya urefu: ongeza memba ya wima kutoka juu, na ufunge memba za chini za kenchi zote kwa engo ya kukatiza inayoishia kwenye bresi. Isipoishia kwenye bresi, kenchi zote zitaegemea upande mmoja pamoja.

Weka hapa umbali kati ya kenchi, mteremko wa paa na ukubwa wa milango, tupige hesabu ya mnyanyuo.