Kisiwani Hakuna Anayeaga Mapema

Swali la mhariri juma hili linauliza kama safari ya siku ya kuzaliwa pamoja na marafiki ina faida yoyote ambayo karamu ya nyumbani haina, au kama ni gharama ya kujionyesha tu. Jibu langu nililipata nikiwa nimekaa ndani ya mashua iliyokwama kwenye matope ya mikoko katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, jioni ya siku niliyotimiza miaka 40.

Mimi ni mkaazi wa Malindi, na katika ukoo wetu kizazi cha mama yangu hakikuwa na desturi ya kuadhimisha kuzaliwa kwa mtu yeyote isipokuwa Mtume; wengi wao hata tarehe zao hawazijui, ila kwa kuzilinganisha na mafuriko fulani au harusi ya fulani. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba nitakwenda Lamu kwa siku tatu na mashoga zangu watano, kwa maana ya neno hilo tuliyoizoea wanawake wa pwani, shangazi yangu aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, bahari ya Malindi ina kasoro gani?" Siku ile sikuwa na la kumjibu. Leo ningemwambia kwamba kasoro yake ni tuktuk. Karamu ya Malindi, hata ikipikwa biriani ya namna gani, kila mgeni ana nyumba yake umbali wa dakika kumi kwa tuktuk, ana mtoto wa kulaza na simu ya mume ya kupokea, na ikifika saa tatu usiku wote wameshaaga, mwenye sherehe amebaki na masufuria.

Kuhusu gharama sina budi kukiri kosa langu, kwa kuwa naamini ndipo safari nyingi za namna hii zinapoharibika. Nilipowaalika wenzangu niliwatajia kodi ya nyumba peke yake, kisha kila baada ya siku chache nikaongeza kitu: nauli, mashua, chakula, keki, na mwishowe sare ya kupigia picha. Mmoja wetu, ambaye ni mshonaji na kipato chake hakina mwezi wala mwisho wa mwezi, akaanza kunyamaza kwenye kikundi chetu cha simu, halafu akaandika kwamba ana udhuru. Udhuru huo niliuelewa kwa kuchelewa. Nilimwendea nyumbani, tukakaa na kalamu, tukaifuta sare na tukazipunguza gharama nyingine hadi kila mmoja akabaki na shilingi 14,500 za kulipa, zote zikijulikana tangu mwanzo. Anayealika watu wasafiri kwa ajili yake naona ana wajibu wa kutaja hesabu nzima siku ya kwanza, hata kama hesabu hiyo itampunguzia wageni.

Safari yenyewe sitaieleza sana. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, vizuizi vya polisi ni vya kutosha kumfanya mtu akihifadhi kitambulisho chake kwa moyo, na kutoka Mokowe mtu huvuka kwa boti. Mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, tuliupita asubuhi moja kwa miguu tukiwapisha punda vichochoroni. Tulipanga nyumba Shela, kama kilomita tatu kutoka mjini, nyumba ya mawe ya matumbawe yenye daka la kupokelea wageni mlangoni na zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, ukutani, na usiku wa kwanza, nasikitika kusema, kila mtu alikaa na simu yake.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa siku yangu. Tulikuwa tumepanga kwenda Takwa, mji wa mahame ulio Manda, uliokaliwa tangu karne ya 15 hadi ya 17, ambao watu wake inasimuliwa kwamba walihamia Shela, na ndiyo sababu watu wa Shela wamekuwa wakirudi kulizuru kaburi la mnara lililoko huko na kuomba mvua. Njia ya mashua ni mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na hauingiliki ila maji yakiwa yamejaa. Nahodha wetu, mzee mpole wa maneno machache, alitueleza jana yake kwamba maji yatajaa saa saba mchana, kwamba tuondoke saa tano asubuhi, na kwamba ifikapo saa tisa tuwe tumeshatoka. "Mkichelewa, wanangu," alisema, "nitawaonyesha matope."

Tulichelewa kwa sababu ya keki. Ilikuwa imeokwa mjini, na aliyekabidhiwa kutuletea aliipakia kwenye boti ambayo kwanza ilikwenda Manda kuwachukua abiria wa uwanja wa ndege, kwa hiyo keki yangu iliiona ndege kabla ya kuniona mimi. Ilifika Shela saa saba kasorobo. Mtu mwenye busara angeahirisha safari, au angeiacha keki. Mimi nilisema kwamba siku ya kuzaliwa haiahirishwi. Tukafika Takwa saa nane, tukastaajabia msikiti na mibuyu, tukapiga picha kuliko ilivyohitajika, na saa kumi, tulipokuwa katikati ya mikoko tukirudi, mashua ilikwaruza mara moja, ikakwaruza tena, ikatulia. Nahodha hakutulaumu. Alikunja tanga, akatuambia kwamba mai, kama watu wa Amu, yaani Lamu, wanavyoyaita maji, yametushinda, na kwamba yatapwa hadi saa moja na ushei kabla ya kuanza kurudi. Hesabu ilikuwa rahisi na ya kutisha: palipokauka muda wa saa tatu baada ya maji kujaa, patapata maji tena muda wa saa tatu baada ya kupwa kabisa. Tulikuwa na saa sita za kukaa.

Saa ya kwanza ilikuwa ya malalamiko na mbu. Simu tulizizima ili tubakishe chaji ya dharura. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka uliobaki, tukaikata keki kwa kisu cha nahodha kilichonuka chambo, yeye na baharia wake wakapewa vipande vya kwanza, na magharibi tukaswali humo humo mashuani tukiwa tumekaa. Kisha giza likaingia, mwezi wa siku kumi ukawa juu yetu, na hapakuwa na pa kwenda. Hapo mshonaji akatusimulia mwaka aliolala njaa bila yeyote kati yetu kujua, ilhali nyumba yangu ilikuwa mtaa wa pili. Mwenzetu muuguzi akasema kwa nini alirudi kwao kutoka ndoani. Nami nikasema jambo kuhusu marehemu baba yangu ambalo sitaliandika gazetini. Tumejuana tangu darasa la nne, na tumehudhuria sherehe za kila mmoja wetu nisizoweza kuzihesabu, lakini mazungumzo ya namna ile hatukuwahi kuyafikia, kwa sababu kila mara palikuwa na mtu aliyesimama, akajifunga buibui na kuaga. Hilo ndilo jibu langu kwa mhariri: nililipia saa sita ambazo hakuna aliyeweza kuondoka, ijapokuwa wakati nikilipa nilidhani ninanunua machweo na picha.

Saa nne na robo usiku mashua ilitikisika yenyewe, kwanza upande mmoja, na muuguzi akasema "Bado kidogo," kana kwamba anamwomba nahodha asubiri. Tulifika Shela karibu saa tano na nusu, miguu imejaa matope, na nusu ya keki tukampa mlinzi wa nyumba.

Mwaka huu zamu ni ya mshonaji, naye ametaka Lamu tena. Nahodha tumeshampigia simu, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama siku hiyo itaangukia mwezi wa ngapi, yaani ule wa angani, unaoyapangia maji saa za kujaa.