Ukitaka mzururaji wako apendwe, anza na mwenye nyumba

Kila tunapokaa kupanga tamthilia mpya, hakosekani mtu wa kusema: "Tuweke na yule jamaa asiye na kwao, hana mbele wala nyuma, ila ana roho nzuri." Wote mezani tunakubali, maana mhusika wa namna hiyo watu humpenda hata kabla hajafungua mdomo. Kazi inakuja kwenye skripti. Anaingia na begi lake, anawapa watoto mkate wake, anamvusha bibi barabara, anatoa maneno ya busara kituo cha basi. Kufika sehemu ya nne ameshakuwa kama malaika wa kwenye kalenda, na mtazamaji anainuka kwenda kuchemsha chai.

Ushauri wangu kwa anayeanza kuandika ni huu: usimwandike yeye kwanza. Mwandike anayempokea.

Hili nilijifunza kwa Eddie Yeats wa Coronation Street, tamthilia ya Waingereza iliyoanza Desemba 1960 na mpaka leo inaendelea. Nilipokuwa nasoma kule, mama niliyepanga chumba kwake alikuwa na DVD za vipindi vya zamani, na jioni za baridi hakuna pa kwenda. Mwanzoni nilikuwa natazama ili masikio yazoee Kiingereza cha Manchester. Baadaye nikawa nakuja na daftari.

Eddie, aliyeigizwa na Geoffrey Hughes, anaingia mtaani Krismasi ya 1974, yuko nje ya jela kwa msamaha wa masharti. Hana ndugu pale. Anakwenda kwa Minnie Caldwell, mjane mzee anayeishi na paka wake, na barua yake ya utambulisho, ukiweza kuiita hivyo, ni kwamba alifungwa pamoja na Jed Stone. Huyo Jed naye alikuwa mwizi mwizi aliyewahi kupanga kwa Minnie miaka ya sitini, na bibi alimpenda kama mwanawe. Sasa angalia waandishi walivyocheza. Hawakutafuta tukio la kutuonyesha kwamba Eddie ni mwema. Mlango alioubisha ulikuwa tayari na upweke nyuma yake, na mtu aliyemtuma alikuwa mhalifu. Unampenda huku umeshika mfuko wako.

Halafu wakamsogeza kwa Stan na Hilda Ogden, na hapo ndipo nilipojaza kurasa. Stan ni mvivu, mtu wa bia. Hilda anafanya usafi kwenye baa ya mtaa, na hakuna habari inayompita. Watoto wao wameshaondoka, na yule wa kiume hata kuja kuwaona ni shida. Nyumba ina nafasi ya mtoto wa kiume, na Eddie anaijaza bila mtu kutamka. Mwaka 1976 anajitolea kubandika karatasi za ukutani. Karatasi hazitoshi. Basi analeta picha kubwa ya milima, ya kufunika ukuta mzima, na Hilda anaona amepata jumba la kifalme. Juu ya milima anatundika bata wake watatu wa plasta, mmoja amepinda kama anayeanguka. Ukuta ule ulichekesha Uingereza kwa miaka. Mimi niliuona kama somo la uandishi: wema wa Eddie umetokana na hesabu iliyokosewa, na furaha ya Hilda ndiyo inayoufanya uwe wema.

Tuliporudi na wazo hilo kwenye kazi yetu moja hapa Dar, tulikuwa na kijana anayelala kwenye banda la mama ntilie. Wiki nzima tuliandika habari za mama tu: anavyohesabu sahani jioni, anayemdai, anavyoogopa mgambo. Kijana alipoingia, onyesho lake la kwanza halikuwa na maneno. Mama anamsukumia ukoko uliobaki chini ya sufuria, anakula. Alfajiri mama anafika anakuta jiko limeshawaka. Anatabasamu. Kisha jirani anapiga kelele kwamba gunia lake la mkaa limepungua.

Prodyuza alitaka kijana aombe radhi pale pale, aeleze maisha yake yalivyokuwa magumu. Nikakataa. (Ukiwa mwandishi, mara moja moja ugombane na prodyuza, hasa kabla hajalipa, maana akishalipa utamheshimu.) Swali la onyesho lile si la kijana, ni la mama: atamlipa jirani, au atamfukuza huyu? Watu wetu wanajua mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu amejipa jembe mwenyewe, ila la jirani. Mama akalipa mkaa, akamkata kijana chakula cha mchana, na kuanzia hapo watazamaji waliwafuata wao wawili, si kijana peke yake.

Jambo la pili ni kuondoka kwa mzururaji, na hili lipangwe mapema. Eddie alipata kazi ya kuzoa taka, akakutana na Marion kupitia zile redio za kuongea kama za madereva wa malori, yeye akijiita Slim Jim na mwenzake Stardust Lil. Wakaoana 1983, wakahamia Bury. Mzururaji akishapata mke, mshahara na anwani, hadithi yake imekwisha, na ukimng'ang'ania anageuka kuwa jirani wa kawaida mwenye vichekesho. Stan akafa mwaka uliofuata, Hilda akabaki peke yake, na vipindi vyake vizito kupita vyote vikaja baada ya hapo. Aliyebaki ndiye alikuwa na hadithi tangu mwanzo.

Sisi kijana wetu tulimpandisha lori la kwenda Tunduma. Sehemu iliyofuata mama ntilie anatafuta msaidizi, na kila anayekuja anauliza kwanza mshahara ni shilingi ngapi.