Baiskeli ya mtu mzima isiyoumiza: angalia mkao na tairi kabla ya shokapu

Mkuu, umesema una kilo 85, unataka baiskeli ya kwenda sokoni na ya kunyoosha miguu jioni, kilomita tano hadi kumi, njia nusu lami nusu vumbi. Na muuzaji wa mtumba anakushawishi uchukue ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma na kiti kinene cha sponji.

Usiichukue. Shokapu za bei ndogo ni springi ndani ya chuma kizito. Kila ukikanyaga pedeli, sehemu ya nguvu yako inaishia kwenye springi. Zikichoka baiskeli inayumba, na fundi wa mtaani hana vipuri vyake. Sponji nayo inapendeza dukani tu. Ukikaa nusu saa, mifupa ya makalio inazama, sponji inapanda katikati na kubana sehemu laini. Ganzi inaanzia hapo.

Unachotafuta kwanza ni mkao. Ukisimama umepanua miguu juu ya fremu, nyayo zote chini, bomba la juu lisikuguse. Kama magoti ni mazito kunyanyua, au mvaaji ni wa kanga na sketi, chukua fremu ya kike, ile ambayo bomba la juu limeshuka chini, bila aibu yoyote. Kwa safari hizi inatosha kabisa. Usukani uwe juu ya kiti kwa sentimita tano hadi kumi na mikono yake irudi kwako, uketi wima. Ukiwa wima sehemu kubwa ya uzito inashukia makalioni, kwa hiyo kiti kiwe kipana nyuma, kigumu kiasi, na springi chini yake. Zile za Japani zenye kikapu mbele zina mkao huu tayari, na Phoenix za kizamani pia.

Urefu wa kiti unapimwa hivi: kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinamia upande. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi hushusha kiti ili wakanyage ardhi kwa miguu yote miwili, kisha wanalalamika goti linauma kwa mbele. Likiuma kwa nyuma, kiti kiko juu mno. Viganja vikifa ganzi, angalia kama pua ya kiti imeinama, maana inakusukuma uegemee usukani. Rekebisha milimita tano tano, uendeshe siku mbili tatu kabla ya kugusa tena. Na usivute nguzo ya kiti kupita alama iliyochongwa juu yake.

Tairi ndiyo shokapu yako halisi. Upana wa inchi 1.75 hadi 2.0 unafaa njia yako. Kwa uzito wako, tairi la 1.75 lianze na psi (kipimo cha upepo) 45 mbele na 50 nyuma, mradi usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Ukijaza hadi mwisho kila kijiwe utakisikia mgongoni. Ukiacha upepo mdogo, tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili sambamba.

Hapa kuna mtego unaokula hela za watu. Tairi la 26 x 1.75 haliingii kwenye rimu ya 26 x 1⅜ ya Kijapani, ingawa zote zinaitwa 26. Soma namba za milimita ubavuni: la kwanza huishia na 559, la pili 590. Vivyo hivyo 28 x 1½ ya Phoenix ni 635, na 28 x 1.75 ni 622. Kabla hujalipa, ulizia kwa fundi wako kama ana tairi la namba hiyo.

Gia tatu za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, zinatosha sehemu tambarare kama Dar au Tanga, na unabadilisha hata baiskeli ikiwa imesimama. Mwanza kwenye vilima, tafuta gia nyingi zaidi.

Breki za fito, zinazovutwa na vyuma badala ya waya, kwenye rimu za chuma hazishiki vizuri zikilowa. Msimu wa masika, rimu za alumini ni salama zaidi.

Ukikagua mtumba, zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba, kisha tafuta nyufa shingoni mwa fremu. Tikisa kranki, ile mikono inayobeba pedeli, kushoto na kulia. Ikicheza, gololi au vikombe vimeliwa. Cheni mpya, kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi ibadilishe. Ikizidi kwa 1/8, hesabu na bei ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Mwisho shika pedeli ya kushoto: hukazwa kinyume na saa, na ikiwa imeendeshwa ikiwa imelegea, nyuzi za kranki huenda zimekatika na mkono mzima wa kranki ukahitaji kubadilishwa.