Mwanangu, kuhusu ile disponibilite

Bukavu, Muhumba

Mwanangu,

Umeniuliza: mume wako akigombea ubunge, uombe disponibilite, yaani kusimamisha kazi kwa muda bila mshahara, au ubaki buroni, ofisini? Tangu 2006 sheria ya uchaguzi inamdai disponibilite mfanyakazi wa Leta, yaani wa serikali, anayegombea mwenyewe. Mke wa mgombea hadaiwi kitu. Hilo limekwisha.

Sasa nikwambie habari ya tarishi wetu.

Mwaka 2007, baba yenu akiongoza chama hapa mkoani, niliteuliwa kuwa shefu wa divisheni, mkuu wa idara ya Leta mkoani. Nilikuwa na miaka 23 kazini. Nilianza 1984, nikinakili orodha za mishahara kwa mkono, nikapita na ile miaka ya Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa, ambayo mshahara ukifika umekwisha kuoza. Siku ya barua, tarishi aliyenijua tangu nikiwa msichana alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema: "Tumushukuru Mzee." Mzee, yaani baba yenu! Alisema kwa upendo kabisa, ndiyo sababu sikupata la kumjibu, na ndiyo sababu inaniuma hadi leo.

Miezi michache baadaye tulihesabu wafanyakazi waliomo kwenye orodha za mishahara. Nikakuta majina ya wasiofika kazini kamwe, matatu ya vijana wa chama. Nikayafuta. Unakumbuka usiku ule watu wa chama walivyojaa sebuleni, nanyi mkapelekwa kwa shangazi yenu. Baba yenu aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shefu ndiye huyu. Mimi hapa ninakula," akavuta sahani yake ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilimpenda usiku ule kuliko siku ya ndoa. Dosie, faili la kazi, haina mume, mwanangu. Mmenisikia nikisema hivyo tangu mkiwa wadogo.

Lakini dosie yangu mimi ilikuwa naye. Nilipotumwa mafunzo Kinshasa mwaka 1989 walidai karatasi ya ruhusa ya baba yenu, kwa kuwa sheria ya familia ya 1987 ilitaka hivyo kwa kila mke anayeweka sahihi. Aliiandika usiku huohuo, bila neno. Karatasi ile ilibaki ndani ya dosie yangu miaka yote. Tarehe 15 Julai 2016 ruhusa hiyo ikafutwa, na siku hiyohiyo ikatoka sheria mpya ya wafanyakazi wa Leta. Nilizisoma zote mbili pamoja, pensheni ikiwa mlangoni.

Na wale vijana watatu? Shefu asiye na mume kama yule angewafuta, kisha akalala salama? Wenzangu walihamishwa kwa madogo kuliko hayo. Jina la baba yenu lilinikinga hata nilipowakata watu wake. Basi tarishi alikuwa na haki? Nusu, labda. Nusu nyingine simpi! Orodha zile nilizihesabu mimi, jina kwa jina, na hakuna aliyenishikia kalamu. Dosie haina mume.

Kuhusu swali lako, nimeapa nisikuamulie. Barua hii nimeichana mara mbili kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutoka. Kwanza muulize mkwe wangu: siku vijana wake watakapojaa sebuleni kwa ajili ya kazi yako, atawaambia nini? Usimsaidie kujibu. Kisha uniandikie maneno yake yaleyale, usiyapambe.

Mama yako