Mlio wa Ekzosi Mpya Unapobadilika

SWALI: Ndugu Mshauri, miezi michache iliyopita niliondoa ekzosi iliyokuja na gari langu kutoka kiwandani, nikafunga nyingine ya kununua, ya chuma kisichoshika kutu, yenye sailensa moja ambayo bomba lake la ndani limenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Siku za mwanzo ilitoa harufu kali na moshi mwepesi kwenye mwili wa sailensa, na mlio wake ulikuwa mkavu. Sasa mlio umekuwa mzito, na ninapokwenda safari ndefu kwa mwendo usiobadilika nasikia mvumo ndani ya gari ambao sikumbuki kuusikia hapo awali. Fundi aliyeifunga anasema ekzosi imezoea joto na hakuna tatizo, lakini rafiki zangu wanasema imeanza kufa. Nimwamini nani, na je, mlio huu utaendelea kuongezeka?

JIBU: Ndugu Msomaji, kuhusu uzito wa mlio, fundi wako amesema kweli. Kuhusu mvumo, nakushauri usikubali jibu lake kabla gari halijapandishwa juu na kukaguliwa kwa chini, kwa sababu mambo hayo mawili hayana chanzo kimoja.

Sailensa ya aina yako ina bomba lenye matundu mengi madogo, nalo limezungushiwa pamba ya nyuzi za kioo, za basalti (aina ya jiwe) au za chuma, kisha vyote vikafunikwa kwa ganda la nje. Mawimbi ya sauti hupenya matundu hayo na kuingia katika pamba, ambamo msuguano baina ya hewa na nyuzi hugeuza sehemu ya nguvu ya sauti kuwa joto. Pamba hiyo hufaa sana kwa sauti nyembamba na kali, lakini sauti nzito za chini huipita bila kupungua sana, na ndiyo maana magari yenye sailensa hizi hunguruma kwa besi. Pamba ikiwa mpya, mara nyingi huwa na gundi au mafuta yaliyotumika kiwandani kushikanisha nyuzi, na vitu hivyo huungua ekzosi inapopata joto mara za kwanza. Harufu na moshi uliouona ulitokana na hayo, na kama haukurudi baada ya siku hizo chache, huna sababu ya kuuhofia. Baada ya hapo nyuzi hutulia na kujipanga upya, masizi nayo hutanda ndani ya bomba na pembeni mwa matundu, na mlio hubadilika kidogo kidogo. Wenye magari wengi huueleza kuwa umekuwa mzito na umejaa zaidi. Mabadiliko haya huja polepole, kisha hutulia. Ningependa wauzaji wawaeleze wateja wao jambo hili waziwazi, kwa sababu anayenunua ekzosi kwa kuisikiliza ikiwa mpya hajausikia mlio atakaoishi nao. Ni bora zaidi kusikiliza gari lililokwisha kutembea kilomita elfu kadhaa na ekzosi ya namna hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye mvumo. Injini ya silinda nne, ya mipigo minne, huwasha mafuta mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo ikiwa katika mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kwa sekunde. Mapigo hayo yakilingana na mtetemo wa asili wa bomba, au wa hewa iliyomo ndani ya gari, sauti hukua ghafla katika mwendo huo na kupungua ukiongeza au ukipunguza kidogo. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba ulinganifu huo hutegemea pia joto la moshi: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, lakini katika gesi yenye nyuzi 500 hufikia takriban mita 550. Ndiyo sababu gari lile lile lina mlio mmoja likiwashwa asubuhi na mlio mwingine baada ya nusu saa ya safari, na ndiyo sababu ulinganisho wowote wa mlio wa zamani na wa sasa hauna maana iwapo injini haikuwa na joto lile lile.

Kama mvumo ulianza kusikika baadaye, mtu wa kwanza ninayemshuku ni ufungaji. Bomba la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa mita moja, likipata joto la nyuzi 500 zaidi, hurefuka kwa takriban milimita 8, kisha hurudi linapopoa. Mwendo huo ukirudiwa kila siku, vibano hulegea, viungo husogea, na bomba ambalo siku ya kwanza lilining'inia mahali pake huja kugusa bodi au mhimili. Likigusa, mtetemo wake hupita moja kwa moja hadi sakafuni na kiti chako, hata kama sailensa ni nzima kabisa. Mwombe fundi akague mipira ya kuning'inizia, akaze upya bolti za viungo, na atafute alama za msuguano mahali bomba linapopita karibu na bodi. Ikionekana kwamba hakuna kinachogusa, mvumo ni wa ekzosi yenyewe, na dawa yake ni kuongeza rezonata, yaani chemba ndogo ya kuzima sauti ya mapigo fulani, au bomba la pembeni lililozibwa mwisho ambalo urefu wake umepimwa ili lizime mapigo ya mwendo huo. Kwa mapigo 100 kwa sekunde, katika gesi ambayo sauti husafiri mita 500 kwa sekunde, bomba hilo huhitaji urefu wa takriban mita 1.25, na kulipatia nafasi chini ya gari dogo si kazi nyepesi.

Je, mlio utaendelea kupanda? Baada ya kutulia hukaa hivyo kwa muda mrefu, lakini pamba haidumu milele. Joto kali, unyevu na mafuta yasiyoungua huidhoofisha, na moshi huisukuma nje kidogo kidogo. Safari fupi za kila siku huharakisha uchakavu huo, kwa kuwa kila lita ya petroli inayoungua huzalisha karibu lita moja ya maji, nayo hubaki ndani ya sailensa ambayo haikupata joto la kutosha kuyakausha. Pamba inapokwisha, mlio haubaki mzito na wa kupendeza. Hurudi kuwa mkali na wa kukwaruza, ganda la nje hupata madoa ya joto, na pengine utaona nyuzi kwenye mdomo wa bomba. Sailensa iliyofungwa kwa bolti au ribiti inaweza kufunguliwa na kujazwa pamba mpya, lakini nyingi za magari zimelehemiwa na hubadilishwa nzima. Sailensa za vyumba, zisizo na pamba, hubadilika kidogo sana mpaka kutu itoboe au ukuta wa ndani uachie na kuanza kugongagonga.

Usitegemee kumbukumbu ya masikio, kwa sababu masikio huzoea. Rekodi mlio ukiwa mahali pa wazi, injini ikiwa na joto lake la kawaida, kipokea sauti kikiwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba na kwa pembe ya nyuzi 45, katika mizunguko ile ile kila mara. Simu haitakupa desibeli sahihi, lakini rekodi mbili zilizochukuliwa hivyo kwa simu ile ile zinaweza kulinganishwa.

SWALI: Ndugu Mshauri, ekzosi yangu ya kununua hutoa mlio wa tiki-tiki kila asubuhi, kisha hunyamaza baada ya dakika chache. Je, nayo inazoea joto?

JIBU: Hapana, Ndugu Msomaji. Mlio unaoondoka chuma kinapopanuka ni dalili ya uvujaji, mara nyingi kwenye gasketi (kizibo chembamba cha kiungo) ya manifodi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, au kwenye ufa mdogo ambao hujibana kwa joto. Moshi unaovuja hapo una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua, na hewa inayoingia kupitia tundu hilo hilo inaweza kuidanganya sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo katika moshi, hata kompyuta ya gari ikaongeza mafuta bila sababu. Mwambie fundi atafute mistari myeusi ya masizi kwenye viungo kabla injini haijawashwa, kisha asikilize injini ikiwa bado baridi, gari likiwa nje na si ndani ya gereji iliyofungwa. Mpaka litakapotengenezwa, endesha madirisha yakiwa wazi na usiliache likinguruma mahali watu walipokaa au kulala.