Sakura kwa gari na watoto: nendeni Hokuto

Dada, umeuliza mwende wapi kutoka Kawasaki, jirani na Tokyo, kuona sakura (maua ya micheri ya Japani) na watoto, na mrudi na chakula gani, maana wikiendi mliyopata nafasi maua ya mjini yatakuwa yameshapukutika. Hilo lisikuumize kichwa. Sakura hufuata joto: Tokyo huchanua mwishoni mwa Machi, ukipanda milimani unazikuta Aprili. Sisi tunakwenda Hokuto, mkoa wa Yamanashi, na sijaona safari ya gari inayowafaa watoto kuliko hiyo.

Shikeni barabara kuu ya kasi iitwayo Chuo, mtokee Sutama. Anzeni na hekalu la Jisso-ji, ulipo mti uitwao Jindai Zakura. Unakadiriwa kuwa na miaka 1,800 hadi 2,000, na tangu 1922 unalindwa na serikali. Msitarajie mti mrefu. Ni gogo lenye mafundo na mapengo, mzingo wake chini karibu mita 12, matawi yameshikiliwa na nguzo kama mzee na mkongojo wake. Ulishadhoofika sana, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakabadilisha udongo wa mizizini kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa. Leo bado unachanua, na nyuma yake milima ina theluji. Mwaka 2008 mbegu zake zilipelekwa kwenye kituo cha anga za juu, na mche uliotokana nazo umepandwa papo hapo hekaluni. Waonyesheni watoto huo. Wangu hawaishi maswali.

Kwa chakula, nendeni michi-no-eki ya Hakushu. Hivi ni vituo vya barabarani vyenye maegesho, vyoo na soko la wakulima. Bebeni madumu, kuna maji ya mlimani ya kuteka bure. Nunueni mchele wa Norin 48 unaolimwa Mukawa, eneo lile lile la hekalu. Kwa pilau haufai, unanatana, lakini kwa wali mweupe na samaki wa kuchoma ni mtamu mno. Mkikuta fukinoto, vile vitumba vya kijani vinavyochomoza ardhini theluji ikiyeyuka, chukueni pakiti moja. Chovyeni kwenye uji mwepesi wa unga, mkaange siku hiyo hiyo, kwa sababu uchungu wake huzidi vikikaa. Watoto watavikataa. Wao wachukulieni shingen mochi, keki laini ya mchele yenye unga wa soya na shira ya sukari guru.

Mchana kuleni hoto: tambi pana za ngano zilizopikwa kwa miso (rojo la soya lililochachushwa) na boga. Tambi hutiwa mbichi moja kwa moja kwenye supu, ndiyo maana inakuwa nzito hivyo. Sufuria moja inashibisha kweli.

Tokeni nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na kurudi msichelewe kupita saa saba mchana. Foleni ya Jumapili jioni kwenye handaki la Kobotoke, katika barabara hiyo hiyo ya Chuo, inachosha watoto vibaya.

Usiku wa kuamkia safari angalieni taarifa za maua. Mkiona ya Hokuto yamepita, endeleeni na Chuo hadi Takato, Nagano, kwenye magofu ya ngome yenye misakura kama 1,500. Huko mara nyingi huchelewa siku kadhaa, na soba yao, tambi za unga wa buckwheat, huliwa na miso na maji ya figili kali iliyokunwa.